Mradi Mdogo ni Upi?

Nchi haijengwi kwa kungoja. Kijiji kilichofyatua matofali ya madarasa mawili hakiwezi kuyaacha yanyeshewe masika mbili mfululizo kwa sababu karatasi moja imekwama katika ofisi moja mjini. Ndiyo maana hapana mtumishi wa umma mwenye nia njema anayeweza kuipinga njia fupi ya kupata cheti cha mazingira kwa miradi midogo. Swali gumu ni jingine, nalo huulizwa mara chache: mradi mdogo ni upi, na anayeupima hutumia kipimo gani?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka msingi kwamba miradi ya aina fulani isianze kabla tathmini ya athari kwa mazingira haijafanyika. Kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2005 ziligawa miradi mafungu mawili: ile ambayo tathmini ni ya lazima, na ile ambayo huenda tathmini ikahitajika au isihitajike. Neno hilo “huenda” ni zito mno katika ofisi ya serikali. Afisa mwoga hulisoma kuwa ni ndiyo, mzembe hulisoma kuwa ni hapana, na yule asiye mwaminifu hungoja kwanza aone mkono wa mwenye mradi umeshika nini. Marekebisho ya mwaka 2018, yaliyokuja wakati taifa likihimizwa kujenga viwanda, yalikusudia kupunguza utata huo kwa kuyafanya mafungu kuwa manne: A ya miradi ambayo tathmini ni ya lazima, B1 ya miradi iliyo mpakani, B2 ya miradi inayoweza kupimwa kwa andiko fupi bila tathmini kamili, na fungu maalumu. Ilikuwa hatua ya haki. Fundi seremala na kampuni ya kuchimba dhahabu hawapaswi kupangwa foleni moja.

Lakini orodha haina macho. Huweza kutaja “ghala” au “kisima” au “shule”; haiwezi kuona ghala limesimama wapi, wala kisima kimepakana na nini. Chukuliwe mfano wa shule ya msingi inayotaka kujenga madarasa mawili na vyoo vya shimo. Shule hiyo ikiwa juu ya kilima chenye udongo mkavu, hapana sababu ya kumsumbua mwalimu mkuu kwa kumtaka amlipe mtaalamu aandike kitabu. Lakini ikiwa imejengwa mahali pa chini, ambapo maji ya ardhini yako karibu, na hatua chache kutoka vyooni kipo kisima ambacho kijiji kizima huteka maji, basi vyoo vilevile, kwa ramani ileile na fedha zilezile, ni jambo la hatari kwa afya za watu. Hapo kilichobadilika ni mahali tu, na mahali hapasomeki katika jalada. Afisa hana budi kwenda kupaona.

Wakazi wa Dar es Salaam walijifunza jambo hili kabla hata sheria hiyo haijatungwa. Mwaka 1988 wananchi wa Tabata walikwenda Mahakama Kuu kuishtaki Halmashauri ya Jiji kwa sababu ya jaa la taka lililokuwa likiwafukizia moshi na harufu, na wakapata amri ya kulisimamisha. Jiji likawa linaomba muda, na muda mwingine tena, hadi mahakama ilipokataa kuuongeza. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Na huko nako watu walikuwa wakiishi, wakapeleka shauri lao mwaka 1991 na wakashinda. Kwa yule aliyekuwa akihesabu safari za magari ofisini, huenda hilo lilionekana kuwa badiliko dogo la utaratibu, maana taka zilikuwa zilezile. Kwa mama wa Mtongani aliyekuwa na mtoto mwenye kikohozi halikuwa dogo hata kidogo.

Lipo pia suala la wingi, ambalo ni gumu zaidi kwa sababu halina mkosaji mmoja wa kunyoshewa kidole. Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Katika bonde lake mna nyumba, gereji, bustani za mchicha, mahali pa kuoshea magari, viwanda na machinjio. Ukikitazama kila kimoja peke yake, vingi kati ya hivyo vitaonekana vidogo, na mwenye gereji atauliza kwa haki kabisa, galoni moja ya mafuta machafu itaudhuru vipi mto mzima? Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na mwaka uliofuata familia nyingi za mabondeni zikapewa viwanja Mabwepande. Mvua ya siku zile ilikuwa kubwa kupita kawaida, hilo halina ubishi. Lakini maji yalikuta njia yake imekwisha kujazwa na vitu ambavyo kila kimoja kilikuwa kidogo. Kwa hiyo anayepima mradi wa kumi na mmoja katika bonde hana budi kuwa na habari za ile kumi iliyotangulia. Ofisi isiyotunza daftari la miradi iliyokwisha kupitishwa katika eneo lake haiwezi kusema kwa uhakika kwamba mradi wowote ni mdogo.

Zaidi ya hayo iko hila, na hila hii haifanywi na wanyonge. Mwenye mtaji mkubwa anayetaka kujenga hoteli ufukweni hujua kwamba akiandika hoteli nzima ataambiwa afanye tathmini kamili, awakutanishe wananchi na kujibu maswali yao. Basi huandika vibanda kumi vya wageni. Mwaka wa pili huandika kisima kirefu. Mwaka wa tatu huandika gati dogo la mashua, na wa nne “ukarabati” ambao kwa kweli ni vyumba mia moja. Kila karatasi hupita njia fupi, na mwishowe hoteli imesimama bila mtu yeyote kuwa amewahi kuulizwa kuhusu hoteli. Wenye kufanya hivyo hupenda kujiita wawekezaji wenye haraka. Dawa yake haihitaji sheria mpya: afisa amwulize mwenye mradi, kwa maandishi, shughuli nzima ikikamilika itakuwa na sura gani, na aupime mradi kwa sura hiyo. Atakayesema leo kuwa ni vibanda kumi tu, na kesho akaleta ombi la gati, jalada lake la kwanza lifunguliwe upya. Ikumbukwe pia kwamba sheria hiyohiyo ya 2004 ilizuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Hapo udogo wa kibanda si hoja.

Marekani ilitunga sheria yake ya tathmini mapema kuliko nchi nyingi, nayo ikaanza kazi Januari 1970. Haukupita muda mrefu kabla ya kuonekana kuwa si kila jambo linastahili uchunguzi wa miaka, na yakawekwa mafungu ya shughuli zinazosamehewa tathmini. Hata hivyo utaratibu wa kule unadai kwamba pakiwapo hali isiyo ya kawaida katika mradi husika, msamaha huo usitumike bila kwanza kuitazama hali hiyo. Maana yake ni kwamba kuwamo katika fungu jepesi ni mwanzo tu wa uchunguzi.

Sasa yasemwe pia yanayowahusu watumishi wenyewe, kwa sababu kosa la upande wa pili ni kubwa na halisemwi. Wako maafisa ambao, kwa kuogopa lawama, hupeleka kila kitu njia ndefu. Chama cha ushirika kinachotaka banda la kukaushia mahindi huambiwa kitafute mshauri mwelekezi, na ada za mshauri huyo huenda zikakaribia gharama ya banda lenyewe. Afisa wa namna hiyo hujiona mlinzi wa mazingira. Ukweli ni kwamba amejilinda mwenyewe, na amewafundisha wanakijiji kwamba kinachofaa ni kujenga kwanza na kuomba msamaha baadaye. Miradi isiyopitia mlango wowote ndiyo inayoharibu vyanzo vya maji bila hata kuandikwa mahali.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulidai kwamba wananchi washiriki katika kuifikiria na kuipanga mipango inayohusu maisha yao, siyo kuitekeleza tu baada ya wengine kukata shauri. Dai hilo lina kazi mahususi katika jambo hili. Mkubwa mwenye mradi huweza kumdanganya afisa wa halmashauri aliyekuja kwa pikipiki mara moja. Ni vigumu kuwadanganya watu wanaojua kisima hukauka mwezi gani na maji ya mvua hupita wapi. Basi kila mradi unapowekwa katika fungu jepesi, uamuzi huo uandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, katika ukurasa mmoja: mradi ni nini, uko wapi, umepakana na nini, na kwa sababu gani umeonekana kuwa mdogo. Ukurasa huo ubandikwe katika ofisi ya kijiji au mtaa kwa siku zisizopungua saba kabla cheti hakijatolewa, na mtendaji aelezwe wazi kwamba pingamizi la jirani linapokelewa hata likiletwa kwa mdomo. Siku saba haziwezi kumchelewesha mwalimu mkuu na madarasa yake mawili. Atakayelalamika kuwa ni nyingi mno, andiko lake lisomwe mara ya pili.