SGR haikufika Naivasha, wacheni kutuchezea

Wasee, tuambiane ukweli. Mtu wa serikali akikuambia reli ya kisasa ilifika Naivasha, muulize yeye alishukia wapi. Oktoba 2019 Uhuru alizindua laini ya kutoka Nairobi: kilomita 120, takriban shilingi bilioni 150, na mwisho wake ni Suswa. Suswa! Kaunti ya Narok. Kituo kilicho karibu na sisi ni Mai Mahiu. Sasa msee wa Kamere akitaka kupanda hiyo treni lazima achukue matatu mpaka Naivasha mjini, halafu nyingine mpaka Mai Mahiu. Ukishafika Mai Mahiu kwa matatu, si umalizie tu na matatu mpaka Nairobi?

Mpango ulikuwa isonge mpaka Kisumu, kisha Malaba. Aprili 2019 Uhuru alienda Beijing, akarudi bila mkopo wa kipande cha Kisumu. Watu walioweza kutoboa handaki la kilomita 4.5 kwenye vilima vya Ngong wakasimama Suswa. Hawakuzuiwa na mlima, walizuiwa na mfuko.

Ndio wakakumbuka reli ya mkoloni, ile iliyofika Kisumu 1901 na inayopita Naivasha na Nakuru, pale watu wanaishi. Kipande cha Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, kilikarabatiwa kwa takriban bilioni 3.8. Rudi juu uangalie ile bilioni 150 tena. Najua, kukarabati si kujenga, na treni ya reli ya zamani inajikokota. Lakini hiyo tofauti, buda!

Tena kuna kipande kipya walichojenga kutoka Mai Mahiu hadi Longonot kuunganisha SGR na reli ya zamani. Unadhani walikuwa wanawaza mwanafunzi wa Kamere anayeenda chuo Nakuru? Walikuwa wanawaza kontena za kwenda Uganda. Kontena limetengenezewa njia, wewe endelea kubanwa kwenye kiti cha watu watatu mkiwa wanne, na sikukuu ikikaribia nauli inaruka.

Na usiseme haikuhusu. Tangu 2013 bidhaa zinazotoka nje zinatozwa ada ya reli. Viatu, sufuria, spea za boda, bei yake imebeba hiyo ada. Juu yake kuna deni la China, na wenye watalilipa kwa miaka mingi ni sisi, si wale walikata utepe.

Sasa hadithi ya Kisumu na Malaba imerudi, na watu wanashangilia. Umeangalia ramani lakini? Njia iliyochorwa inakata Narok na Bomet. Nakuru haimo kabisa. Hata ikijengwa yote, sisi tutaisoma tu kwenye simu.

Mimi sipingi reli. Nataka treni ya abiria ya kila siku ipite kwenye hicho kipande cha Longonot ambacho tayari kipo: ushuke SGR Mai Mahiu, upande ya zamani, ufike Naivasha na Nakuru. Wanaotaka kura zetu 2027 wasije Kamere na picha za treni. Waje na ratiba na nauli.