Jiko la Stima Si Chaja ya Simu
Wasee, shawa ya maji moto kwa keja yako ina waya wake na swichi yake. Hakuna mtu huichomeka kwa ekstensheni. Sasa mbona jiko la wati 2,000 na birika la wati 2,000 vyote viko kwa ekstensheni moja? Soketi zetu ni ampea 13, yaani wati 3,000 hivi. Yangu iliyeyuka nikipika ugali, na pazia bado linanuka plastiki. Birika lichomekwe tu, ni la kuhamahama. Lakini jiko livutiwe waya wake, na fundi wa kweli, si jirani mwenye testa. Nani alipe? Landilodi. Nikihama nabeba jiko, waya unabaki kwake. Wangu amekataa, so siku hizi chai kwanza, nazima, ndio niwashe jiko.