Zawadi ya Majilio: Chupa Moja ya Damu



Majilio yamefika tena. Katika parokia na jumuiya zetu ndogo ndogo hapa Unguja tumeanza kukusanya mchele, sukari, sabuni na khanga ili kuwapelekea wagonjwa na wazee kwa Sikukuu ya Noeli. Ni desturi njema, na sisi wauguzi tunaishukuru. Hata hivyo, mwaka huu tunaomba kusema neno ambalo pengine halitawapendeza wote: mara nyingi tunatoa kilicho rahisi kwetu, wala hatuulizi mgonjwa amepungukiwa na nini.

Tunakumbuka usiku mmoja wa Desemba, miaka mingi iliyopita. Mama mmoja alijifungua salama, kisha akaanza kutoka damu bila kukoma. Mchana ule alikuwa amepata zawadi ya Noeli kama wenzake wodini. Kando ya kitanda chake palikuwa na mche wa sabuni na sukari. Damu ya kundi lake haikuwapo. Mumewe, kibarua kutoka bara, hakuwa na ndugu mjini, akakimbilia kwa majirani zake Amani. Walikuja wanne. Mmoja uzito wake haukutosha, wa pili aliwahi kuugua homa ya ini, wa tatu aliiona sindano akaondoka. Wa nne, seremala Mwislamu, alikunja mkono wa shati lake. Sisi tulikuwa tukilikanda tumbo la yule mama mpaka mikono ikafa ganzi. Mama alipona. Wako wengine ambao hawakupona.

Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi katika Tanzania. Wapo pia watoto wenye ugonjwa wa selimundu na majeruhi wa ajali za barabarani. Hawa wote hawana likizo. Lakini damu ina msimu wake: sehemu kubwa ya wachangiaji wetu ni wanafunzi wa sekondari, na skuli zikifungwa Desemba, akiba hupungua. Basi wakati uleule tunaoimba nyimbo za kumngoja Mtoto Yesu, kuna mama anayengoja damu ili aweze kumlea wake.

Katika Injili ya Luka, watu walimwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini. Hakuwaagiza mambo makubwa. Alimtaka mwenye kanzu mbili amgawie asiye nayo. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi mwilini, na anayechangia hutoa kama mililita 450 tu. Maji yaliyopungua hurudi kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu hujijenga upya katika wiki zinazofuata. Hii ni kanzu ya pili ambayo Mungu mwenyewe huishona tena baada ya sisi kuitoa. Tutasema nini tukiificha sandukuni?

Wapo wanaosema, "Nitatoa ndugu yangu akiugua." Jibu letu ni kwamba damu inayotafutwa usiku wa manane huchelewa. Ni lazima ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini B na C, na kaswende, kisha ilinganishwe na damu ya mgonjwa. Damu inayookoa ni ile iliyokwisha kupimwa ikawekwa kwenye jokofu. Nayo huweza kukaa humo hadi siku 35. Kwa hiyo iliyotolewa Dominika ya kwanza ya Majilio bado itafaa usiku wa Noeli.

Wengine huona heri kumlipa mtu atoe. La hasha! Mwenye shida ya fedha huweza kuficha maradhi yake. Wazee nao bado wanakumbuka habari za mumiani, wakihofu damu yao itafanyiwa mambo mengine. Tunawaambia: njooni mwone kwa macho yenu. Damu ya kuchangia haiuzwi, na majibu ya vipimo ni siri ya mchangiaji.

Anayetaka kuchangia azingatie haya:
1. Awe na miaka 18 au zaidi, na uzito wa kilo 50 au zaidi.
2. Mjamzito na anayenyonyesha wasubiri.
3. Ale chakula na kunywa maji ya kutosha kwanza. Siku ya kufunga si siku ya kuchangia.
4. Aseme ukweli kuhusu afya yake na mwenendo wake. Kuambiwa "wewe subiri" si aibu.
5. Mwanamume huweza kurudia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4.

Padre Armand Fava na wenzake, pamoja na masista kutoka kisiwa cha Réunion, walifika katika mji huu wa Sultani Majid mwezi Desemba 1860, siku chache kabla ya Noeli. Moja ya kazi zao za kwanza ilikuwa kufungua hospitali, katika mji ambao karibu watu wote hawakuwa Wakristo. Chupa ya damu huendeleza kazi hiyo. Haiandikwi jina la parokia, wala aliyeitoa hajui imeingia katika mwili wa nani. Ukarimu wa namna hii hauna wa kuupigia makofi.

Tunapendekeza kila parokia itenge Dominika moja ya Majilio, na wahudumu wa Damu Salama waalikwe baada ya Misa. Kikapu cha mchele kiendelee kupelekwa. Lakini safari hii, anayekibeba aje pia na mkono wake.

Tunawatakia Majilio mema.