Umri wa Dawa Si Ushahidi

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo ilinijia juzi katika chumba cha walimu, pale mwalimu mwenzangu aliponionyesha mfuko wa mizizi mikavu. Alikuwa amepigwa picha ya tumbo akaambiwa kwamba ini lake limeingiwa na mafuta. Daktari alimshauri apunguze uzito, aache soda na atembee kwa miguu kila siku. Muuzaji mmoja wa mitishamba naye akampa njia nyepesi zaidi: mzizi uitwao he shou wu, ambao Wachina wameutumia kwa karne nyingi kuimarisha ini na figo.

"Mwalimu," aliniuliza, "nikijaribu nitapoteza nini?"

Nilimjibu kwamba huenda akalipoteza ini lenyewe. Madaktari wa nchi mbalimbali wamewaona wagonjwa ambao maini yao yaliharibika baada ya kuutumia mzizi huo huo. Mwaka 2014 serikali ya Uchina yenyewe iliagiza kwamba bidhaa za lishe zenye mzizi huo zibebe onyo kwa watu wenye matatizo ya ini. Ikiwa wenye dawa wanatahadhari, sisi wa mbali tunapata wapi ujasiri wa kuibugia?

Nisieleweke vibaya. Siungi mkono wale wanaobeza kila dawa ya mitishamba na kuiita ushirikina. Dawa mseto tunazomeza humu nchini kutibu malaria zina asili katika mmea wa Kichina uitwao qinghao. Lakini hebu tukumbuke jinsi zilivyopatikana. Bi Tu Youyou alisoma maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, kisha hakuishia hapo. Aliujaribu mmea huo kwa wanyama, akaunywa mwenyewe pamoja na wenzake mwaka 1972 kuhakikisha hauna madhara, ndipo wakapewa wagonjwa. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Kitabu cha kale kilimpa swali. Jibu alilipata katika maabara.

Njia hiyo hiyo inafuatwa kuhusu ini. Katika jaribio moja lililofanywa Uchina na kuchapishwa mwaka 2015, wagonjwa 184 wenye ini la mafuta waligawanywa katika makundi matatu, na wote wakashauriwa kuhusu chakula na mazoezi. Kundi lililoongezewa beberini, kemikali itokayo katika mmea wa huanglian, lilipunguza mafuta ya ini kwa zaidi ya nusu. Hiyo ni habari ya kutia moyo. Walakini, kundi lililotegemea chakula na mazoezi pekee nalo lilipunguza mafuta hayo kwa zaidi ya thuluthi. Muuzaji wa mizizi hatakwambia hilo, kwa maana kutembea hakuuzwi kwa mfuko.

Wataalamu wanakubaliana kwamba mgonjwa mnene akipunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito wake, ini lake hupata nafuu kubwa. Ushauri huu hauna mvuto wa siri za kale, na ni mgumu kuutekeleza. Hapo ndipo mfanyabiashara anapopata mwanya.

Ninawasihi walimu wenzangu tuwafunze wanafunzi kuuliza maswali machache mbele ya dawa yoyote, iwe ya Kichina, ya Kizungu au ya babu zetu. Ina kitu gani ndani yake? Imejaribiwa kwa nani, na ikalinganishwa na nini? Ina madhara gani? Nanyi wanafunzi, msione haya kuyauliza maswali hayo nyumbani, kwa heshima.

Mwenzangu ameuweka mfuko wake kando na kurejea kwa daktari. Jioni tunatembea pamoja hadi kituo cha matatu. Mgeni na aje, tumkaribishe. Lakini kabla hatujamkabidhi ini letu, tumwulize ametoka wapi na amebeba nini.