Mti Hauhesabiwi Siku ya Kupandwa

Kila mwaka, mvua zinapowadia, watumishi wa Serikali, walimu na wanafunzi wa mikoa ya milimani hukusanyika na majembe yao. Mgeni rasmi hupanda mche wake, hupigiwa makofi, kisha taarifa huandikwa kwamba miche elfu kadhaa imepandwa na lengo limefikiwa. Taarifa hiyo hutoka kijijini ikaenda wilayani, na wilayani ikaenda mkoani. Ilichohesabu ni mashimo.

Shabaha ya Chama na Serikali katika jambo hili haina kasoro. Agizo la kila halmashauri kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka ni agizo la taifa linalojua thamani ya maji yake, kuni zake na mbao zake. Kasoro iko kwa watendaji walioligeuza agizo kuwa sherehe. Shule huchimba mashimo palepale ilipochimba mwaka uliopita, na hakuna anayethubutu kuuliza miti ya mwaka uliopita ilikwenda wapi. Mtumishi anayepeleka takwimu za namna hiyo analidanganya taifa, hata kama kila tarakimu aliyoiandika ni sahihi.

Kwanza ni suala la majira. Milima ya nchi hii hainyeshewi kwa kalenda moja. Kilimanjaro na Usambara hupata masika kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba. Njombe, Makete na Mufindi hupata msimu mmoja tu, tangu Novemba hadi Aprili. Sherehe za kitaifa za kupanda miti, nazo, zimezoea kuangukia mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Siku hiyo inamfaa mtu wa Lushoto. Mche unaotiwa ardhini Makete siku hiyohiyo hubakiwa na majuma machache ya mvua, kisha hukutana na sakitu ya Juni na Julai ukiwa haujashika mizizi. Mkulima wa Njombe anayesomesha watoto kwa fedha za mbao hupanda Desemba au Januari. Yeye hamsubiri mgeni rasmi.

Mvua zikikoma ndipo kazi yenyewe huanza, na hapo ndipo majembe yanaporudishwa stoo. Mche unataka kupaliliwa kuzunguka shina ili nyasi zisiunyang'anye maji wala zisiuletee moto. Unataka matandazo yasiyogusa shina, maana yakigusa, mchwa hujificha humo. Unataka kulindwa na mbuzi. Ukikua, unataka kupogolewa kwa msumeno mkali, si kwa panga linaloacha vigutu na magamba yaliyochanika.

Kisha wako wadudu. Mfano wa misaiprasi unatosha kumtahayarisha kila mwenye haya. Vidukari wa mti huo, ambao asili yao si Afrika, walionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 walikuwa wamekwisha kuingia Tanzania, Uganda na Kenya. Kidukari huyu ni mdogo, wa rangi ya kahawia, na hufyonza utomvu akiwa amejificha katika vijitawi vya ndani vyenye kivuli. Kwa hiyo mti hukauka kuanzia ndani, na apitaye barabarani huuona wa kijani mpaka wakati umekwisha kupita. Lakini anayeinama na kufunua tawi haoni fumbo lolote: vijitawi vinanata kwa umajimaji mtamu, ukungu mweusi umeota juu yake, na sisimizi wanapanda na kushuka. Dalili hizo tatu mtoto wa darasa la nne anaweza kuzitambua. Mtarakwa, mti wa asili wa milima yetu, nao hushambuliwa, na mti uliodhoofishwa na kiangazi hufa upesi zaidi.

Wapo watakaosema kwamba dawa zinunuliwe. Bomba la mgongoni halifiki kilele cha mti wa mita 20, na dawa inayofika humwua pia nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya kidukari, yule ambaye Malawi ilianza kumwachia mashambani mwaka 1994 ili amdhibiti adui huyo. Mikaratusi nayo ina nyigu wake, na huyu ni mharibifu, mwenye asili ya Australia. Hufanya vivimbe kwenye vikonyo na mishipa ya majani machanga, kisha husafiri pamoja na miche. Lori moja linalotoka katika kitalu kisichokaguliwa na kuzigawia miche shule kumi linaweza kuzigawia na mdudu huyo, tena kwa hati ya kupokelea yenye muhuri.

Udhuru wa kila siku ni kwamba mafuta ya gari hayapo na wataalamu hawatoshi. Kufunua tawi la mti ulio uani mwa ofisi hakuhitaji gari. Mwaka 1972, Azimio la Iringa la Siasa ni Kilimo liliwakemea viongozi waliotoa amri juu ya mambo ya shamba wasiyoyajua. Mwaka 1980, kampeni ya Misitu ni Mali iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio. Mtumishi wa leo, mwenye elimu na simu mkononi, hana haki ya kujua machache kuliko wao.

Wilaya iandike taarifa mbili. Ya kwanza iwe ya miche iliyopandwa, na ya pili iwe ya miti iliyo hai baada ya viangazi viwili, ikiwa na jina la aliyeihesabu. Halmashauri yenye miti laki tatu hai itangulizwe mbele ya ile iliyopanda milioni na nusu ikazika. Afisa misitu aonekane shuleni mwezi Agosti, si Machi peke yake. Na kila shule ya milimani iwe na daftari la miti yake, linalojazwa na wanafunzi kila mwezi, ambalo mthibiti ubora wa shule ataliomba siku ileile anapoomba daftari la mahudhurio.