Zana za Kufundishia Uraia Ziko Ofisi ya Kijiji

Mhitimu wa kidato cha nne akiulizwa aina za uraia nchini Tanzania, hujibu bila kusita: uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa kuandikishwa, ambao wengine huuita wa tajnisi. Aliyesoma chini ya mtaala wa zamani hujibu kwa Kiingereza, maana somo la uraia la sekondari lilifundishwa kwa lugha hiyo na mtihani wake ukatungwa kwayo. Kila mwaka ninapokutana na wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni, orodha hii huwa miongoni mwa mambo machache ambayo darasa zima linayajua. Sina ugomvi nayo. Ninachohoji ni kama inamfaa kijana wa Kibingo, wilayani Kyerwa, siku atakapoketi mbele ya afisa na kuulizwa mama yake alizaliwa wapi.

Kyerwa ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Karagwe hadi mwaka 2012. Inapakana na Uganda na Rwanda, na Mto Kagera ndio mpaka wenyewe. Ukivuka Murongo unaingia Kikagati, katika wilaya ya Uganda iitwayo Isingiro, na mgeni asishangae kusikia kwamba Kyerwa nayo ina Isingiro yake. Kinyambo cha upande huu na Kinyankore cha upande ule vinasikilizana bila mkalimani. Watu wameoana, wamerithishana mashamba, wamefuata malisho na kuuziana kahawa tangu enzi ambazo mamlaka ilikuwa Bweranyange, kwa wafalme wa Karagwe, wala si Dodoma au Kampala. Katika nchi ya namna hiyo, lafudhi na jina la ukoo haviwezi kuthibitisha uraia wa mtu, ingawa mara nyingi hutumika kuutilia shaka.

Shaka hiyo ina historia ya karibu. Mwezi Julai 2013 Rais Jakaya Kikwete, akiwa mkoani Kagera, aliwataka wahamiaji wasio na vibali waondoke ndani ya wiki mbili. Septemba ikafuata Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Maelfu waliondoka au waliondolewa. Taarifa za wakati ule zilieleza habari za watu walioishi nchini kwa miongo kadhaa, na za familia zilizogawanyika, mume akabaki huku na mke akapelekwa kule. Dola ina haki ya kulinda mipaka yake; hilo sibishani nalo. Lakini wanafunzi walioko sekondari leo wamekulia katika kaya zinazokumbuka mwaka ule, na wanapofungua sura ya kwanza ya kitabu wanakutana na Nembo ya Taifa, Mwenge na sikukuu za kitaifa.

Tuiangalie sheria yenyewe, maana hapo ndipo orodha ya aina tatu inapoanza kupwaya. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, Sura ya 357, inasema katika kifungu cha 5 kwamba aliyezaliwa ndani ya Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano ni raia kwa kuzaliwa, isipokuwa wachache kama watoto wa wanadiplomasia. Mwanafunzi akisoma maneno hayo hudhani shauri limekwisha: nimezaliwa Kyerwa, basi mimi ni raia. Ofisini mambo hayaendi hivyo. Fomu ya kitambulisho cha taifa inauliza habari za wazazi, na kwa mtu wa mpakani mazungumzo huweza kufika kwa babu na bibi. Pengo hili kati ya kifungu na utaratibu ni somo kamili la uraia. Lina katiba ndani yake, lina utawala wa sheria, lina wajibu wa mtumishi wa umma na haki ya mwananchi ya kupewa sababu ya uamuzi. Sijui somo jingine ambalo kijana wa Kibingo angelisikiliza kwa makini zaidi.

Kuna jambo la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Mtoto aliyezaliwa na uraia wa nchi mbili, akifikisha miaka 18, anatakiwa aukane ule wa kigeni kwa utaratibu na katika muda uliowekwa, la sivyo anapoteza wa Tanzania. Sasa isome Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 10: mtu aliyezaliwa ndani au nje ya Uganda, ambaye mmoja wa wazazi wake au wa mababu na mabibi zake alikuwa wakati huo raia wa Uganda kwa kuzaliwa, ni raia wa Uganda kwa kuzaliwa. Mchukue binti wa kidato cha nne ambaye bibi yake aliolewa Kyerwa akitokea Isingiro ya ng'ambo. Huenda amekuwa na uraia wa nchi mbili tangu siku alipozaliwa pasipo yeye wala wazazi wake kulijua hilo. Miaka yake 18 inatimia takribani wakati anapofanya Mtihani wa Taifa, na katika mtihani huo ataulizwa ataje aina tatu za uraia.

Je, kitabu ndicho cha kulaumiwa? Kwa sehemu tu. Tangu uhuru somo hili limebadilishwa jina na kiini zaidi ya mara moja. Chini ya Elimu ya Kujitegemea liliitwa Siasa, nalo halikuficha kwamba linajenga wajamaa. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurejeshwa mwaka 1992, Siasa iliondolewa na somo la uraia likachukua nafasi yake, likibeba ndani yake stadi za maisha, maisha ya familia, mwenendo mwema na hata usalama barabarani. Mtaala mpya, unaotekelezwa kwa awamu tangu Januari 2024, umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo linalofundishwa kwa Kiswahili. Kuhusu lugha, nimefurahi kwa dhati. Kuhusu kiini, nina wasiwasi: neno "uraia" limetoka katika jina, na "maadili" limeingia. Maadili humfundisha kijana namna ya kuenenda mbele ya wakubwa. Uraia humfundisha pia namna ya kuwauliza. Itategemea mwalimu ni kipi kitakachopewa saa nyingi.

Nikiruhusiwa kuchepuka kidogo: "raia" ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni kundi linalochungwa na mchungaji. Karagwe, nchi ya ng'ombe, ingeielewa tashibihi hiyo upesi. Lugha yetu imelikuza neno hilo likabeba maana nyingine, ya mwenye nchi. Sina hakika kwamba shule zetu nazo zimefika huko.

Nirudi kwenye zana. Mwaka 2013, baada ya Mheshimiwa James Mbatia kulifikisha bungeni suala la ubovu wa mitaala na vitabu, kamati iliyokuwa ikiidhinisha vitabu ilivunjwa, na Taasisi ya Elimu Tanzania ikaja kuwa mwandishi mkuu wa vitabu vya kiada. Yapo manufaa katika kitabu kimoja kwa nchi nzima. Lakini kitabu kimoja kinachosomwa Mtwara, Pemba na Kyerwa hakiwezi kumweleza mtoto wa Kibingo habari za bibi yake. Hiyo ni kazi ya mwalimu, na mwalimu anahitaji nyaraka, wala hazipo mbali.

Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji ina hazina ambayo chuo kikuu kingeionea wivu. Kuna jambo la lugha hapa linalonichekesha: mwalimu anaingia darasani na muhtasari wa somo, na mtendaji anafunga kabatini muhtasari wa mkutano. Neno ni moja, majengo pengine yanatazamana, na karatasi hizo mbili hazijawahi kukutana. Kwa mujibu wa Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Halmashauri ya kijiji ina wajumbe 15 hadi 25. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri hiyo haina mamlaka ya kugawa ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu, na baraza la ardhi la kijiji lina watu saba, watatu kati yao wanawake. Mpe mwanafunzi mihtasari ya mwaka mmoja, yakiwa yamefichwa majina ya wenye mashauri, kisha mwulize: ardhi iligawiwa mara ngapi, na idhini imeandikwa wapi? Wanawake watatu wa baraza walihudhuria? Akishindwa kuipata idhini, amejifunza jambo. Akiipata, amejifunza pia.

Na hayo yanayoitwa stadi za maisha na makuzi ya mtu binafsi, Kibingo haihitaji visa vya kubuni kuyafundisha. Inayo butura. Msomaji asiye wa Karagwe na aelewe kwamba butura ni kuuza kahawa ingali maua au changa mtini, kwa bei ya chini sana, kwa sababu fedha inahitajika leo: kuna mgonjwa, kuna msiba, kuna sare ya shule. Viongozi wameipiga vita miaka nenda rudi na haijafa, kwa kuwa hotuba hailipi deni la hospitali. Kitabu kinamwambia kijana afanye maamuzi sahihi. Butura inamlazimisha apige hesabu: mkopo ni kiasi gani, mavuno yangeleta kiasi gani, tofauti hiyo ni riba ya asilimia ngapi kwa miezi michache, na je, chama cha msingi kingeweza kutoa malipo ya awali? Kisha linakuja swali gumu ambalo hesabu hailimalizi: baba aliyeuza maua ya kahawa ili mtoto abaki shuleni, alikosea? Mjadala wa saa moja juu ya swali hilo utajenga haiba ya mtu kuliko orodha ya sifa kumi za kiongozi bora.

Najua watakaponikatizia walimu. Madarasa yamejaa, na muhtasari haumaliziki. Zaidi ya hayo, wanaogopa, nami siwezi kuwaambia kwamba hofu yao haina msingi. Mwaka 2005 Serikali iliizuia HakiElimu kufanya na kuchapisha tafiti kuhusu shule zetu, na kumbukumbu ya namna hiyo hukaa muda mrefu katika mbavu za mtumishi wa umma. Mwalimu anayeomba mihtasari ya kijiji anaweza kuulizwa ametumwa na nani. Lakini tazameni kinaya kilichopo: ni walimu hao hao ambao kila uchaguzi huitwa kusimamia vituo na kuhesabu kura. Aliyeaminiwa na sanduku la kura haaminiwi na daftari la mahudhurio ya mkutano?

Kwa hiyo maneno yangu nawaelekeza kwa watumishi wa halmashauri wanaosoma hapa, kwa kuwa hofu ya mwalimu huondolewa na barua. Mkurugenzi Mtendaji wa Wilaya akiandika waraka wa ukurasa mmoja, unaowaruhusu watendaji wa vijiji kutoa nakala za mihtasari na mapato na matumizi kwa shule za sekondari za kata, jambo hili limeanza. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Basi vifungu vya uraia, pamoja na kile cha miaka 18, viandikwe kwa Kiswahili chepesi na kubandikwa katika kila shule ya mpakani. Afisa uhamiaji naye aalikwe darasani mara moja kwa mwaka, aulizwe maswali na wanafunzi kabla yeye hajaanza kuwauliza. Redio za Karagwe, FADECO na Radio Karagwe, zinasikika katika kaya ambazo kitabu hakifiki, na zinaweza kurusha kipindi hicho ili bibi naye asikie.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, hiyo ni mikutano 16. Mwanafunzi hana kura bado, lakini anaweza kuketi nyuma na daftari lake. Mwalimu wa Kibingo atakayeniletea madaftari ya mikutano miwili tu, yakiwa na tahajia mbovu na yote, nitayasoma na wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza.