Miungu Inayouawa Mchezoni



Kabla ya kuingia katika mas'ala yenyewe, yatupasa tukiri kosa letu. Mama mmoja alitujia barazani baada ya sala ya Alasiri, akalalamika kuwa mwanawe wa miaka 19, ambaye sisi wenyewe tulimsomesha tangu alifu na be, hukesha usiku akiua miungu. Tulipomwita kijana alikubali huku akicheka, nasi bila ya kuuliza neno la pili tukamwita mshirikina mbele ya wenziwe. Akainama, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Siku kumi hatukumwona msikitini.

Wasomaji wajua uzito wa neno lile. Mtume (Rehma na Amani zimshukie) alituonya ya kuwa mwenye kumtupia mwenziwe ukafiri pasipo haki, neno hilo humrudia mwenyewe. Basi tukenda kwao kumtaka radhi, na mara hii tukauliza.

Mchezo wenyewe, katika hiyo michezo ya televisheni na kompyuta ambayo vijana huiita gemu, ni God of War, uliotolewa Marekani mwaka 2005. Kisa chake kimejengwa juu ya hadithi za Wayunani wa kale. Mna askari wa Sparta aitwaye Kratos, ambaye Ares, mungu wao wa vita, alimlaghai hata akamwua mkewe na binti yake kwa mkono wake mwenyewe. Akaapa kulipa kisasi. Katika sehemu ya kwanza amwua Ares, na katika ile iliyotoka mwaka 2010 apanda mlima wa Olympus akiwaua mmoja mmoja, mpaka Zeus, ambaye katika kisa hicho ndiye babake.

Jee, hii ni shirki? Hao waitwao miungu walizaliwa, huogopana, huoneana wivu, na huiba wake za watu. Zeus alimpindua babake Kronos, na Kronos alimpindua wake. Kiumbe cha namna hiyo, hata kikipewa jina gani, Surat al-Ikhlas ambayo kila mtoto wa chuo huijua imekwisha kulikata shauri lake. Mahekalu yao leo ni magofu yanayopigwa picha na watalii. Kijana anayewapiga kwa vidole vyake hawaabudu, nasi tulisema tusilolijua.

Lakini alipotwambia kwa mzaha kuwa afanya kama alivyofanya Nabii Ibrahim, hapo hatukucheka, na mazungumzo yakafika mpaka Isha.

"Maalim," alisema, "hawa ni madhalimu. Kumwua dhalimu ni dhambi?"

Tukamwuliza, "Mwanangu, akifa huyo Poseidon wa bahari, huwa nini?"

Akafikiri kidogo. "Bahari hupanda, Maalim, ikafunika nchi."

"Na wa jua?"

Akasema kuwa akifa Helios jua hufichwa, akifa Hermes hutoka makundi ya wadudu, akifa Hera mimea hunyauka.

"Na watu wa nchi hiyo?"

"Wanakufa."

"Na Kratos asemaje?"

"Hajali, Maalim."

Basi na tumtazame Nabii Ibrahim katika Surat al-Anbiyaa. Alivunja masanamu, akaliacha kubwa lao, ili watu wake walirudie na kuliuliza, wajionee kwamba halina jibu. Hakumgusa mtu hata ukucha. Moto uliowashwa siku zile aliwashiwa yeye. Na Mtume wetu alipoingia Makka mwaka wa 8 wa Hijra, yaani 630, alikuta masanamu 360 kuizunguka Al-Kaaba. Yote yaliangushwa, ilhali watu waliokuwa wakiyaabudu, watu waliomfukuza na kuwaua maswahaba wake, waliachwa huru, isipokuwa wachache waliokuwa na makosa yao makubwa. Masanamu yalivunjwa na watu wakabaki. Kwa Kratos ni kinyume chake. Yeye ana haki ya kweli, kwani amedhulumiwa dhulma isiyo kifani, lakini mwenye haki ya damu katika sharia yetu amewekewa mpaka katika kuua, na katika Surat al-Israa amekatazwa kuuvuka. Bahari nzima kwa ajili ya kisasi cha mtu mmoja! Huko si kuondoa dhulma. Mtoto aliyezama hakuwa na ugomvi na mtu.

Kijana akajibu, na jibu lake si la kupuuzwa, "Lakini watu wale ni picha tu." Ni kweli. Hapana damu iliyomwagika, wala kadhi hana la kuhukumu. Tukamwuliza tu, mara ya kwanza bahari ilipofurika alihisi nini. Akasema alisitasita kidogo. Mara ya pili alipoucheza tena? Akanyamaza.

Liko na jambo la majirani. Mchezo mwingine wa Marekani, uitwao Smite, hupiganisha miungu ya mataifa mengi, akiwamo Kali wa Wahindu, na mwaka 2012 baadhi ya Wahindu walioko huko walilalamika hadharani. Kali si wa magofu, ana waja wake leo, na wengine wao twanunua nguo madukani mwao. Surat al-An'aam yatukataza kuvitukana vinavyoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Mwenyezi Mungu kwa kutojua. Tulimwuliza kijana iwapo rafiki yake wa Kihindi wa mtaani apenda mchezo huo. Hakuwahi kumwuliza.

Nanyi wazazi, God of War una picha za uchi na za kuchinjana, na huko Ulaya umewekewa alama ya miaka 18. Someni alama hizo kabla ya kufungua mfuko.

Ijumaa iliyofuata kijana alikuja, akakaa safu ya nyuma. Mamake atwambia bado hucheza, ila sasa hufunga mlango, asione mdogo wake wa miaka tisa.